Unataka kukaa pale mezani? Anzia kwenye kamati

Vijana wengi wanaoniuliza kuhusu ukatibu wa Bunge wameiona kazi hiyo kwenye televisheni: Spika anaita "Katibu!", mtu wa joho anasimama, anasoma "Maswali", anaketi. Mimi nilikaa Dodoma miaka mingi kabla ya kusoma hiyo "Maswali" hata siku moja.

Nilianzia kwenye kamati, nawe ukipangiwa kamati usinune. Mwaka wangu wa kwanza niliandika kwenye kumbukumbu za kikao kwamba Serikali "imekubali" ushauri wa Kamati. Mwenyekiti akanirudishia rasimu, neno hilo kalizungushia wino mwekundu. "Kijana, Waziri alisema wameupokea." Nikabisha kidogo, kwangu yalikuwa yale yale. Kumbe kukubali ni ahadi, na wabunge watakuja kuidai. Kupokea ni adabu tu. Nikasikiliza rekodi upya: "tumeupokea". Usiku ule nilipitia kurasa zote, neno kwa neno.

Kanuni za Kudumu lazima uzijue, hilo halina mjadala. Wengi huishia hapo, hawagusi maamuzi ya Maspika waliopita yaliyolala kwenye Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge. Mbunge akisimama kuomba mwongozo, Spika ana sekunde chache na kamera ziko usoni pake. Hataki insha. Mpe kikaratasi chenye namba ya kanuni, fasili (kifungu kidogo cha kanuni), na neno moja: ndiyo au hapana. Herufi ziwe kubwa, maana ikifika saa moja jioni macho ya kila mtu yamechoka.

Siasa iache getini. Nimewahi kumsaidia mbunge asubuhi kuandaa jedwali la marekebisho la kufuta kifungu cha muswada, mchana nikamwandalia mwenzake la kukinusuru kifungu kile kile. Wote wawili walinishukuru, na hakuna aliyejua habari za mwingine.

Cheo cha juu kabisa usikipangie maisha. Katibu wa Bunge huteuliwa na Rais, Ibara ya 87 ya Katiba. Pius Msekwa alikuwa Katibu miaka ya 1960, akaja kuwa Spika 1994 hadi 2005, lakini Msekwa ni mmoja. Lenga kwanza kuwa katibu mezani, yule wa joho anayesoma "Maswali".

Halafu, ukiripoti kipindi cha Bunge la Bajeti, beba sweta. Linakwenda hadi Juni, na baridi ya asubuhi ya Dodoma watu wa Dar huwa hawaiamini mpaka iwakute kituo cha basi.