Wadogo zangu wa ng'ombe wawili watatu, mnanunua maji

Kuna kijana kanitumia picha ya machicha mabichi ya bia, yale mabaki ya nafaka ya kiwandani, gari limejaa, ati kapata chakula cha bei ya kutupa. Jamani mtatuua. Tuanze upya.

1. Msilinganishe bei ya kilo kwa kilo, toeni maji kwanza. Machicha mabichi ya bia robo tatu na zaidi ni maji, pumba kavu maji ni kama asilimia 10 tu. Kwa hiyo kilo 100 za machicha zina chakula kilo 20 mpaka 25, za pumba zina 90, yaani kilo ya pumba hata ikiuzwa mara tatu na nusu ya machicha bado mko sawa, na hapo hujalipia gari la kubeba maji. Protini ya machicha ni nzuri sibishi, ila ukiwa mbali na kiwanda na huna pa kushindilia yasiingie hewa, siku chache tu ukungu, unamwaga.

2. Haidroponiki, yaani kuotesha nafaka kwenye trei kwa maji bila udongo, ulishe majani yake. Hapa mnivumilie. Mimi huyuhuyu nilijenga kibanda na trei za mkopo. Unaloweka kilo moja ya shayiri, wiki moja hivi unainua zulia la kijani, mizizi myeupe imeshikana chini, unaweka kwenye mzani unasoma kilo 6, nani hapo hatajiona mjanja? Nikaanza kuwacheka wanaolisha mabua. Maziwa hayakupanda, nikalaumu joto, nikalaumu mkamuaji wa watu, nikalaumu mpaka mbegu ya dume. Mfugaji mmoja mzee akasikiliza weee, mwishowe akasema kausha trei moja juani mpaka iache kupungua uzito, halafu pima. Haikufika gramu 800! Na nilianza na kilo nzima ya nafaka. Kumbe mbegu ikiota inatafuna wanga wake yenyewe, kilichojaa pale ni maji. Yaani nilinunua nafaka nzuri, nikalipa kibarua ainyweshe, nikaipunguza, ndo nikampa ng'ombe, na mkopo unadai. Zile trei kuku wanatagia sasa hivi.

3. Majani makavu ya mpunga au mabua, yalainisheni kwa urea: kilo 4 mpaka 5 kwa kilo 100 za majani, iyeyushwe kwenye maji, funika kabisa wiki tatu, fungua harufu itoke ndo ulishe. Ndama wa chini ya miezi 6 asiguse. Na upime kwa mzani, sio kwa macho, urea ikizidi inaua, usije kunipigia simu usiku.

4. Lusina, ule mti wa malisho, isizidi theluthi ya mlo, majani yake yana sumu iitwayo mimosini.

5. Ukibadili chakula badili polepole, andika lita kabla na baada, toa hela ya chakula kwenye hela ya maziwa uone kinachobaki. Wengi mnaandika lita tu, sijui mnamwandikia nani.

Na wewe unayetaka kuniuliza azola, yale majani madogo yanayoelea majini, maji asilimia 93 mpaka 95, rudi namba moja.