JIBU: Eleroni zote mbili juu. Mfumo wa kupunguzia mabawa mzigo wa upepo, na nilivyoujaribu Nakuru

Ndugu wa Kisumu, umeuliza mambo matatu: kama ile ndege iliyowarusharusha juu ya Kericho ina kompyuta ya kupambana na msukosuko wa hewa, kama mtu anaweza kuujenga mfumo huo kwenye ndege yake ndogo ya povu, na kiti gani kina nafuu. Mimi si rubani. Narusha glaida za povu ukingoni mwa kreta ya Menengai, hapa Nakuru, na mfumo huo nimeujenga mwenyewe, kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye swali la pili.

Dash 8-400 ya propela mliyopanda haina. Eleroni zake, vile vibao vinavyosogea nyuma ya bawa karibu na ncha, huvutwa kwa kebo kutoka kwenye usukani. Rubani akiona hali imechafuka hupunguza mwendo na kuzunguka wingu, basi.

Ila mfumo wenyewe ni wa zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Lockheed waliutia kwenye jeti yao ya abiria, TriStar L-1011-500. Walitaka mabawa marefu zaidi bila kulazimika kuyaimarisha upya. Kwa kawaida eleroni huenda kinyume, moja juu nyingine chini, ndege ikalala upande. Hapa upepo ukipiga kutoka chini, zote mbili huinuka pamoja. Ncha za mabawa zinapunguza kubeba, mzigo unasogea karibu na kiwiliwili, na shina la bawa, pale linapoungana na kiwiliwili, halipindwi sana. Airbus A320 za mwanzo ziliongeza spoila za nje, vibao vinavyoinuka juu ya bawa, kwenye kazi hiyo. Boeing 787, zile ambazo Kenya Airways walianza kuzipokea 2014, zina vihisi puani vinavyoupata upepo kabla haujafika kwenye bawa.

Sasa hesabu. Upepo wa kupanda hubadilisha pembe ambayo hewa inalipiga bawa. Jeti ikiwa kwenye mita 230 kwa sekunde, upepo wa mita 10 kwa sekunde huongeza nyuzi 2.5 hivi. Glaida yangu huenda mita 15 kwa sekunde. Upepo wa mita 3 tu, ambao pale ukingoni alasiri hauna ajabu, unaongeza nyuzi 11, na bawa linakaribia kushindwa kubeba kabisa. Kwa hiyo anayekwambia uanze na ndege ndogo kwa sababu ni rahisi hajawahi kuirusha.

Kikwazo kikubwa ni muda. Nilichomeka kijiti chenye kihisi cha shinikizo mbele ya bawa, sentimita 30. Kwa mwendo ule, upepo unatoka kwenye kihisi hadi kwenye bawa kwa sehemu mbili za mia za sekunde. Ndani ya muda huo kompyuta isome, ichuje kelele, iamue, na sevo ya bei ya chini, mota ndogo inayosukuma eleroni, isogee. Haiwahi. Kwenye jeti, mita 20 kutoka puani hadi kwenye bawa ni chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, nako ni kubanana. Ndiyo maana watafiti wa Ulaya wamehangaika na lidari, miali ya leza inayopima hewa mbele ya ndege kabla haijaifikia.

Kinachookoa ni kwamba si kila upepo ni mkali kama kofi. Kanuni za kusanifu ndege kubwa zinataka upepo upimwe kwa umbali unaochukua kufikia kilele, kuanzia mita 9 hivi hadi 107. Ule wa mita 107, jeti inachukua karibu nusu sekunde kufika kileleni. Huo unawahika. Wa mita 9 bawa litaubeba lenyewe, na limeundwa kuubeba.

Nilichofanya: ubao wenye ArduPilot, programu ya kuongoza ndege, skripti niliyoiandika kwa lugha ya Lua, na kipima mchapuko katikati ya kiwiliwili. Kwenye mhimili wa bawa niligundisha vipima mnyumbuko, vikisomwa na chipu ya HX711, ile ya kwenye mizani, nimeinunua Luthuli Avenue. Husoma mara 80 kwa sekunde. Kwa kurekodi inatosha, kwa kuongoza eleroni usiitegemee. Changanya na elevata pia, kibao cha mkiani kinachoinua na kushusha pua, maana eleroni zikiinuka zote pua nayo huinuka, na mzigo uliotaka kuukwepa unarudi. Halafu chuja masafa ambayo bawa lenyewe hutetemeka, la sivyo sevo zitalichochea liendelee kupiga.

Kwenye rekodi, vilele vya mpindo wa shina vilishuka waziwazi kwenye upepo mrefu. Video ya kamera ya puani ilibaki kutikisika karibu vilevile. Nasisitiza hapa kwa sababu matangazo huchanganya mambo haya: kumpunguzia abiria mtikiso ni kazi nyingine, inahitaji nguvu ya kubeba ya ndege nzima ipungue, si kuihamisha tu kutoka ncha kwenda katikati.

Kabla ya kurusha malizana na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, na kaa mbali na Lanet, pale ni jeshi.

Kiti: karibu na mabawa, mkia hurushwa zaidi. Na panda ndege ya asubuhi, kabla upepo wa ziwani haujapandisha mawingu ya Nandi na Kericho.