Kwa mnaoanza kuongoza wageni Tromsø: taa usiku, nyangumi mchana

Vijana wetu kadhaa wananiuliza kuhusu kazi ya msimu wa baridi huku Tromsø, kaskazini mwa Norway. Wengine walishaongoza wageni Serengeti na Tarangire kabla hawajahamia huku, wengine ndo wanaanza kabisa, na karibu wote wanataka kujua kuhusu ile safari ya siku nne inayouzwa sana, yani mgeni aone taa za kaskazini, zile rangi zinazocheza angani usiku, na aone nyangumi kwa safari moja. Naandika kama nnavyoijua kwa kuifanya, na naanza na usingizi, maana ndo unaoharibu hii safari mara nyingi kuliko mawingu, na kwenye mafunzo ya mwanzo hautajwi kabisa.

Angalieni ratiba yenyewe. Taa mnaanza kuzitafuta kwenye saa 12 jioni mpaka saa 7 usiku, mkienda mbali mnarudi hotelini saa 9 usiku. Alafu boti ya nyangumi inataka watu alfajiri, kwa sababu nyangumi siku hizi wanakaa upande wa Skjervøy, na kutoka Tromsø ni kama masaa 3 au zaidi, uende kwa barabara au kwa maji. Na mwanga nao ni wa kuvizia, maana kuanzia mwishoni mwa Novemba mpaka katikati ya Januari jua halichomozi kabisa, mnapata masaa machache tu ya mwanga wa bluu katikati ya mchana, ukichelewa bandarini umechelewa siku nzima. Sasa mgeni aliyelala masaa mawili ukimpandisha boti inayorukaruka kwenye mawimbi anatapika, anaona baridi mara mbili, na orka, yule nyangumi mweusi kwa mweupe, akipita mbele yake yeye kainamisha kichwa.

Kwa hiyo ukipewa nafasi ya kuchangia ratiba, ipiganie hivi: usiku wa kwanza toka nao karibu karibu tu, Kvaløya au Ersfjord, masaa mawili matatu, watu wakalale. Siku ya pili nyangumi. Usiku wa pili pumzisheni watu kabisa, au aliye na nguvu asimame nje akiwa karibu na kitanda chake. Siku ya tatu asubuhi usipange kitu, waache walale mpaka mchana, na usiku huo ndo uende mbali, mpaka Skibotn au mpaka mpakani Finland ikibidi. Mbingu ikigoma siku hiyo bado watakuwa wamepata usiku mwingine, na ikikubali watakuwa na macho ya kuangalia.

Na dereva je? Basi dogo la zaidi ya watu 9 ukimhesabu dereva linaingia kwenye sheria za mapumziko za Ulaya, masaa 11 ya kupumzika kwa siku, na siku chache tu ndani ya wiki unaweza kushusha mpaka 9. Ukipiga hesabu unaona mwenyewe kwamba mtu mmoja hawezi kuendesha mpaka saa 9 usiku alafu aamke kupeleka watu Skjervøy. Mkubwa wa kazi akikuambia "utajikaza tu", kataa, tena kwa maandishi. Barabara za huku usiku ni barafu tupu, matairi ya misumari yanasaidia lakini hayamwamshi dereva aliyesinzia, na elg, mnyama mkubwa kama farasi mwenye miguu mirefu, anavuka bila taarifa. Gari dogo ukilikuta halibanwi na sheria hiyo, jibane mwenyewe.

Miezi nayo mtu aijue kabla hajaanza kujibu maswali ya wageni. Taa zinaonekana kuanzia Septemba mpaka mwanzoni mwa Aprili, basi tu kwamba kiangazi hakuna giza. Nyangumi ni kuanzia mwisho wa Oktoba au Novemba mpaka mwishoni mwa Januari, kwa sababu wanafuata heringi, samaki wadogo wanaotembea kwa makundi, na heringi wanabadilisha sehemu ya kujificha baridi kila baada ya miaka kadhaa. Miaka ya 1990 walikuwa Tysfjord, baadaye wakaja mpaka Kaldfjord hapo hapo jirani na mji wa Tromsø, kuanzia kama 2017 wakahamia Skjervøy, na kesho watahama tena. Kwa hiyo mgeni anayeuliza Machi kuhusu orka mwambie ukweli, wameshaondoka, kama anataka nyangumi mwezi huo aende Andenes kwenye kisiwa cha Andøya, pale bahari ina kina kirefu karibu na nchi kavu na kashaloti, aina nyingine ya nyangumi, wapo mwaka mzima. Utapoteza mauzo ya siku moja, sawa, lakini mtu aliyedanganywa kuhusu wanyama hasahau.

Tuje kwenye taa zenyewe. Mtaona watu wanaangalia namba ya Kp, kipimo cha msukosuko wa sumaku ya dunia kuanzia 0 mpaka 9, siku nzima kwenye simu, Kp 5, Kp 2, wanafurahi wanahuzunika. Tromsø iko nyuzi 69 kaskazini, chini kabisa ya ule mkanda wa taa unaozunguka ncha ya kaskazini, kwa hiyo Kp 1 au 2 inatosha kabisa ikiwa mbingu wazi, na Kp 6 chini ya mawingu haina faida yoyote. Angalia mawingu kwanza. Fungua Yr, ile ya idara ya hali ya hewa ya Norway, angalia mawingu ya chini, ya kati na ya juu kila kimoja peke yake, na angalia upepo unatoka wapi. Upepo wa baharini ukileta theluji pwani, milima ya Lyngen inaizuia, nyuma yake Skibotn kunakuwa kukavu, na ndio maana kila mtu anakimbilia kule. Alafu kama unataka kwenda ndani zaidi, soma namba ya Bz, inayoonyesha sumaku inayokuja na upepo wa jua imeelekea kaskazini au kusini, inayopimwa na setelaiti iliyoko kama kilomita milioni 1.5 kutoka duniani kuelekea jua. Ikishuka chini ya sifuri na ikakaa huko, waambie watu wavae viatu, una kama nusu saa mpaka saa moja.

Kitu cha kuwaambia wageni mapema, kabla hata hamjatoka mjini: jicho halioni kama kamera. Zikiwa dhaifu zinaonekana kama utepe wa wingu la kijivu, kwa sababu macho yetu gizani hayashiki rangi vizuri. Nikiona utepe wa namna hiyo naelekeza simu juu sekunde tatu, nawaonyesha picha, kijani kitupu, na hapo wanaelewa wanachoangalia na wanaacha kulalamika. Kijani ni oksijeni iliyopigwa na chembe kutoka kwenye jua, kimo cha kilomita 100 mpaka 150 hivi, nyekundu ni oksijeni hiyo hiyo lakini juu zaidi ya 200, na ile zambarau ya pembeni chini inatokana na naitrojeni. Zikishika nguvu hakuna haja ya kamera, zinakimbia toka upande mmoja wa mbingu mpaka mwingine, kijani unakiona kwa macho, theluji nayo inapata rangi. Inaweza kudumu dakika kumi alafu kimya. Watu wanaingia kwenye gari wakidhani imeisha. Usiwaruhusu kuondoka haraka, mara nyingi inapumua alafu inarudi.

Kamera: tripodi, fokasi weka mwenyewe kwenye nyota usiiachie mashine, lenzi ifunguliwe kabisa, ISO 1600 mpaka 3200, sekunde 5 mpaka 10, zikicheza haraka punguza. Betri ya akiba ikae mfuko wa ndani karibu na mwili. Na wakirudi kwenye gari lenye joto, kamera ibaki ndani ya begi lililofungwa, ukiitoa ghafla kioo chote kinajaa ukungu na usiku wake umeisha.

Baridi sasa, hapa ndo wenzetu wengi tunakuja tukidhani koti kubwa linatosha. Pamba ikae mbali na ngozi, inashika jasho na inakugandisha, vaa sufu ndani. Kampuni nyingi zinatoa zile suti nzima za baridi, kwa hiyo mwili unapona, tatizo ni miguu. Mgeni anavaa soksi tatu ndani ya kiatu kinachombana, damu haipiti, saa moja baadaye halisikii dole gumba na anaona aibu kusema. Kabla hamjaondoka piga magoti, bonyeza kiatu chake kwa mbele, muulize kama vidole vinacheza ndani. Kama havichezi, mvue soksi moja. Kuna mama mmoja nilimfanyia hivyo akacheka, akasema toka afunge ndoa hakuna aliyewahi kumpigia magoti, na usiku huo alisimama nje kuliko wanawe.

Kwenye nyangumi, nahodha ndo bosi, wewe ni macho yake na mdomo wa wageni. Dume la orka pezi lake la mgongoni linafika karibu mita 1.8, unaliona kwa mbali kama bango limesimama majini. Wanazungusha heringi mpaka wanakuwa mpira, wanawapiga kwa mkia, wanaokota mmoja mmoja waliozimia, alafu nyangumi nundu anatokea chini mdomo wazi anameza lote mara moja. Ukiona ndege wa baharini wamejazana sehemu moja wanapiga kelele, mwambie nahodha. Msiwakate mbele, msiwagawe mama na mtoto, mwende sambamba nao kwa pembeni, mwendo mdogo, na mkiona boti zimeshakuwa nyingi ondokeni hata kama wageni wamenuna. Nyavu za wavuvi kaeni nazo mbali kabisa. Dawa ya kichefuchefu inamezwa kabla ya boti kuondoka, mtu akishaanza kutapika haina kazi tena.

Reinidia, wale kulungu wa nchi za baridi, mtawaona sana barabarani kuelekea Skibotn na Kilpisjärvi ya Finland. Wale si wanyama pori wasio na mwenyewe, wana wenyewe, ni mifugo ya Wasami, wenyeji wa asili wa huku kaskazini, kila mmoja ana alama ya mkato masikioni. Simamisha gari, zima taa kali, waache wapite, hakuna kupiga honi wala kuwakimbiza upate picha, baridi kali wanaishi kwa kubana nguvu na kila mbio inawagharimu. Na mkikutana na mfugaji msimuulize ana reinidia wangapi, sisi tuliokulia karibu na wafugaji tunajua kwamba kumhesabia mtu ng'ombe zake mbele za watu si adabu, huku ni hivyo hivyo. Wageni wa Ulaya kusini na Marekani wanauliza bila kujua, uwahi kuwaambia kwenye gari.

Kwa mliopo tayari na vibali vya kazi, tumeni maombi mwezi wa 8 na wa 9, ikifika Novemba timu zimeshajaa. Huduma ya kwanza muwe na cheti, leseni ya kubeba abiria anzeni mapema maana inachukua muda, na Kinorwe kidogo cha redio jifunzeni, hata kama kazi nzima mtaifanya kwa Kiingereza, nahodha akiwa na haraka anaongea lugha yake. Walioongoza wageni nyumbani wasiogope kuandika hivyo kwenye CV. Mtu aliyezoea kumsubiri chui masaa manne huku akiwaweka wageni wachangamfu ndani ya gari, kazi hii ameshaijua nusu yake.