Usiharakishe kuiita Pasteurella

Ilikuwa kaskazi, lile joto la Mombasa linalogandisha nguo mwilini, simbilisi wetu wawili wa maabara walipoanza kupumua kwa kuinua mbavu. Mmoja hakufika asubuhi. Nilimpasua, nikapaka kipande cha pafu kwenye agari ya damu, sahani ya rojo la kuoteshea bakteria, nikaitia inkubeta, kabati la joto.

Kesho yake nilikuta makoloni ya bakteria, vitone vya kijivu, vidogo kama chenga za chumvi. Chini ya hadubini, vifimbo vifupi vya Gram hasi, yaani visivyoshika rangi ya zambarau ya Gram. Kipimo cha oksidezi, kimeng'enya cha baadhi ya bakteria, kikageuka zambarau. Nikaandika daftarini jina la bakteria: Pasteurella.

Mzee wa maabara akasoma, akaniangalia. "Mwanangu, sahani ya MacConkey i wapi?"

Haikuwapo. Ni agari nyingine, inayootesha baadhi tu ya bakteria, nami nilikuwa nabana matumizi.

Hapo ndipo wengi tunapoteleza. Pasteurella multocida na bakteria mwingine, Bordetella bronchiseptica, hufanana kwa yote niliyokuwa nimeyatazama. Ila ya kwanza haioti kwenye MacConkey. Ya pili huota, tena humeng'enya yurea, kemikali ya mkojo, upesi, mara nyingi ndani ya saa nne. Nilitia makoloni kwenye kichupa cha yurea, ambacho hugeuka pinki yurea ikimeng'enywa, saa tatu asubuhi. Adhuhuri ikiadhiniwa, kichupa kilikuwa pinki kama ulimi wa mtoto aliyekula ubuyu.

Tena si suala la jina tu. Ukisema Pasteurella, mkono wa mtu huenda kwenye penisilini. Bordetella haiijali dawa hiyo, na simbilisi inaweza kumuua kwa kuvuruga vijidudu vya utumboni.

Basi sahani usizitupe baada ya saa 24. Bordetella huonekana vizuri baada ya 48. Zilaze kifudifudi, maana kwa unyevu wetu huu kifuniko hudondosha maji na makoloni yote yakachanganyika. Na vile vistripu vya vipimo vilivyotengenezwa kwa bakteria wa binadamu, mimi siviamini peke yake: Pasteurella pneumotropica ya panya, ambayo tangu 2017 imehamishiwa jenasi ya Rodentibacter, huweza kupewa jina la bakteria mwingine kabisa.

Panya akikoroma na sahani ikabaki tupu, usimwandike mzima. Mycoplasma pulmonis, bakteria mwingine wa mapafu ya panya, haioti kwenye agari ya damu. Omba PCR, kipimo cha vinasaba.

Maambukizi yetu yalitoka kwa sungura, ambao hubeba Bordetella puani bila hata kupiga chafya. Tuliwaweka chumba kimoja na simbilisi kwa sababu ya nafasi. Jioni ile ile tulimhamisha simbilisi aliyebaki. Sungura tuliwaacha palepale, wakitafuna majani yao.