Rasimu nne, swali moja: kuwafunza watoto jinsi Katiba ya Kenya ilivyopatikana

Mtoto wa gredi ya tano anaweza kukutajia tarehe 27 Agosti 2010, bustani ya Uhuru jijini Nairobi na Rais Mwai Kibaki akitia sahihi mbele ya umati, na bado asijue kwamba miaka mitano kabla ya hapo Wakenya waliikataa katiba mpya kwenye kura. Ukianzia kwenye sherehe, mtoto huamini kwamba katiba ilishuka ikiwa imekamilika na kazi yake yeye ni kuikariri. Anzeni na mabishano. Sherehe iwe ya mwisho.

Chagueni swali moja tu na mlifuate mwanzo hadi mwisho. Linalofaa kuliko yote ni hili: nani aongoze serikali? Chukua karatasi nne za manila, kila moja iwe na jibu moja kwa maneno mepesi. Rasimu ya Bomas, yaani ya mkutano wa kitaifa wa katiba uliofanyika Bomas of Kenya, Nairobi, Machi 2004: rais awe mkuu wa nchi, waziri mkuu aendeshe serikali. Rasimu ya Wako, iliyopewa jina la Mwanasheria Mkuu Amos Wako, 2005: nguvu zirudi kwa rais, na waziri mkuu awe mtu wa kuteuliwa na rais. Rasimu ya Kamati ya Wataalamu chini ya Nzamba Kitonga, Novemba 2009: wawili hao wagawane tena madaraka. Kisha Naivasha, Januari 2010, kamati teule ya wabunge ikamwondoa waziri mkuu kabisa, akabaki rais anayechungwa na Bunge, mahakama na kaunti.

Usiandike miaka kwenye karatasi hizo. Watoto wakiona 2010 watasema hilo ndilo jibu sahihi, na mjadala utafia hapo. Wape zikiwa zimechanganywa, waulize kila jibu lingemfurahisha nani na kumtia nani hofu, ndipo uwaambie zilivyofuatana. Wataona wenyewe waziri mkuu akiingia, akipunguzwa, akirudi, akitoka.

Hapo ndipo habari za watu na idadi zinapopata maana. Tume ya kurekebisha katiba iliyoongozwa na Yash Pal Ghai ilizunguka majimbo yote 210 ya uchaguzi ikisikiliza wananchi, kisha wajumbe 629 wakakutana Bomas of Kenya. Mawaziri wakatoka ukumbini kwa hasira Machi 2004, rasimu ikabadilishwa, na tarehe 21 Novemba 2005 ikapelekwa kwa wananchi: ndizi kwa Ndiyo, chungwa kwa Hapana. Chungwa likashinda kwa takriban asilimia 58. Alama hizo zilichaguliwa ili asiyejua kusoma naye aweze kupiga kura, na watoto hulielewa hilo haraka sana. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 msiziruke, kwa sababu ndizo zilizowarudisha viongozi mezani. Sentensi tatu za kweli zinatosha. Picha za nyumba zinazoteketea hazifai kwa umri huu.

Sasa darasa lifanye kazi yenyewe. Mfano huu ni wa watoto 40 na vipindi vitatu vya dakika 35. Panga meza nane, watoto watano kila meza, kwa kuwa mikoa ilikuwa minane. Andika rasimu fupi ya vifungu vitano kuhusu darasa lao, kisha waruhusu wapendekeze mabadiliko kwa sharti moja: hakuna badiliko linalopita bila mikono 26. Hiyo ni asilimia 65 ya 40. Bungeni kiwango kilikuwa hicho hicho, yaani wabunge 145 kati ya 222. Watoto watakasirika kuona mapendekezo yao mazuri yakianguka kwa mikono 22 au 24. Waache wakasirike kidogo, kisha waeleze kwamba wabunge walileta mapendekezo karibu 150 na hakuna hata moja lililopita, kwa hiyo tarehe 1 Aprili 2010 rasimu ikatoka bungeni jinsi ilivyoingia.

Kura ya maoni ifanywe kwa vikaratasi vya kijani kwa Ndiyo na vyekundu kwa Hapana, kama ilivyokuwa tarehe 4 Agosti 2010. Kila meza iwe na sanduku lake. Kosa la kawaida ni kumwaga kura zote pamoja na kuhesabu mara moja, kwa sababu sheria ilidai mambo mawili: zaidi ya nusu ya kura halali, na angalau asilimia 25 katika mikoa mitano kati ya minane. Kwenye meza ya watu watano, kura moja ni asilimia 20, haitoshi, kwa hiyo Ndiyo inahitaji mbili. Mtoto akitumbukiza rangi zote mbili, kura yake imeharibika, zilizobaki ni 39, na 20 zinatosha kutimiza sharti la kwanza. Mwaka 2010 Ndiyo ilipata karibu asilimia 67 ya kura zote zilizopigwa. Ni Bonde la Ufa tu ambako Hapana ilikuwa na wengi, ingawa hata huko Ndiyo ilivuka asilimia 25.

Panapohitaji uangalifu mkubwa ni suala la Mahakama za Kadhi. Lilizua upinzani mkali kutoka kwa baadhi ya viongozi wa makanisa, na darasani linaweza kumwumiza mtoto. Usimwombe kamwe mtoto Mwislamu aeleze "upande wenu", wala Mkristo alitetee kanisa. Wagawe kwa kura ya bahati nasibu, na kila msemaji arudie kwanza hoja ya mpinzani wake mpaka mpinzani akiri kwamba amemwelewa, ndipo apewe dakika zake mbili. Kabla ya kuanza, wasome kifungu cha 170(5): ndoa, talaka, urithi na hadhi ya mtu, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda kwa kadhi. Waambie pia kwamba mahakama hizo zilikuwepo kabla ya 2010, na kwamba makubaliano ya Oktoba 1963 kuhusu ukanda wa pwani wa maili kumi yalizilinda. Mabishano mengi ya mwaka ule yalitokana na watu kubishania maneno ambayo hawakuwa wameyasoma.

Mwalimu au mzazi asiseme alipiga kura gani. Akisema, nusu ya darasa itamfuata.

Kwa kipindi cha mwisho tumieni kifungu cha 27(8), kinachotaka wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili katika nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa. Bunge la Taifa lina wabunge 290 wa maeneo, wanawake 47 wa kaunti na 12 wa kuteuliwa. Watoto wajumlishe 349, watafute theluthi moja, na wagundue kwamba wanawake wanapaswa kuwa angalau 117. Kisha watafute idadi iliyopo sasa na waandike, kila mmoja kwa nusu ukurasa, wao wangeliziba pengo kati ya idadi hizo mbili namna gani.