Usikubali nyasi bandia juu ya udongo mtupu

Dada, umeuliza kama fundi anaweza kutandika nyasi bandia moja kwa moja juu ya udongo wa mfinyanzi uani kwako Tegeta, watoto wapate kiwanja cha mpira. Mkatalie. Masika ya kwanza tu udongo utavimba, maji yatatuama na zulia litakunjamana. Pesa yako iende chini kwanza: achimbe sentimita 15 hadi 20, ajaze kokoto, juu yake vumbi la kokoto, ashindilie kwa mashine tabaka kwa tabaka. Kiwanja kiinamie upande mmoja, sentimita 1 kwa kila mita, maji yaelekee kwenye mtaro wako, si ukutani kwa jirani (ugomvi mwingi huanzia hapo).

Nyasi zenye urefu wa milimita 40 zilizojazwa mchanga wa silika zinawatosha watoto. Chembe za matairi yaliyosagwa, ambazo wengine hujaza badala ya mchanga, mimi sizitaki nyumbani. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 kanuni ya kuzipiga marufuku sokoni kuanzia 2031. Na jua la mchana linaweza kulipasha zulia hadi kupita nyuzi 60, kwa hiyo wacheze jioni.

Kabla zulia halijatandikwa, mwaga ndoo kadhaa za maji juu ya kokoto. Yakituama, fundi arudie kusawazisha.