Karatasi ya mama mkwe

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mjane, naishi Chumbageni hapa Tanga. Mume wangu alikuwa Mmarekani wa Louisiana. Alikuja kufundisha, tukaoana, na alifariki miaka minne iliyopita. Binti yetu ana miaka 13. Shuleni waliambiwa wachore shajara ya ukoo. Upande wangu ulijaa mpaka kwa mababu wa Mkinga, wa baba yake ukabaki na mstari mmoja. Kwenye kopo la biskuti tumekuta karatasi ya mama mkwe wangu, naye hayupo tena. Imeandikwa kwa penseli: “Marie LeBlanc – Grand Pré 1755 – Liverpool – Belil – Bon Papa”. Marehemu mume wangu alikuwa akisema huyo Marie ni bibi yao wa zamani, Mwakadia aliyefukuzwa kwao na Waingereza, na Bon Papa ndiye mumewe. Belil simjui. Kwenye intaneti nimeona Marie LeBlanc wengi, nikamchukua mmoja aliyefia Louisiana. Je, ndiye? Na tupime vinasaba?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Miaka minne si mingi.

Picha ya karatasi uliyonitumia nimeikuza kwenye simu mpaka nikaona mikwaruzo ya penseli. Mama mkwe wako alitenga kila neno kwa kistari, na amekwenda kwa mpangilio. Belil si mtu. Ni Belle-Île, kisiwa cha Ufaransa kilicho mbele ya pwani ya Bretagne; mama kaliandika jina kama alivyolisikia kwa wakubwa zake. Liverpool ni bandari ya Uingereza. Kwa hiyo karatasi yako inamtaja mtu mmoja tu, kisha inataja njia aliyopitishwa.

Njia yenyewe inajulikana. Akadia ilikuwa koloni la Wafaransa, sehemu yake kubwa ndiyo Nova Scotia ya leo, Kanada. Kwa mkataba wa 1713 ikawa ya Waingereza. Wakulima wake hawakukubali kula kiapo kisicho na sharti, ambacho kingeweza kuwalazimisha kuwapiga Wafaransa wenzao. Tarehe 5 Septemba 1755, pale Grand-Pré, kijiji cha Akadia, Luteni Kanali John Winslow wa upande wa Waingereza aliwaita wanaume na wavulana kanisani, akawasomea amri: ardhi, nyumba na mifugo vimekuwa mali ya mfalme, na wao wenyewe wataondolewa. Waliopelekwa Virginia walikataliwa huko, na mwaka uliofuata wakavushwa bahari hadi Liverpool, Bristol, Southampton na Falmouth. Ndui iliwaua wengi. Vita vya Waingereza na Wafaransa vilipokwisha 1763, waliosalia wakapelekwa Ufaransa, na mwaka 1765 familia 78 zikapewa mashamba Belle-Île.

Hapo ndipo una bahati ambayo wazao wengi wa Waakadia hawana. Wale watu walifika kisiwani bila vyeti. Vitabu vya makanisa yao vingine vilipotea, vingine vilikuwa mbali. Basi mwaka 1767 iliamriwa wakuu wa familia wakae mbele ya mapadri, pamoja na mashahidi, waseme nasaba zao kwa mdomo. Wakasema: mimi ni fulani, nimezaliwa parokia fulani, baba yangu fulani, babu yangu fulani, mpaka kwa yule wa kwanza aliyetoka Ufaransa. Wakataja na ndugu zao: huyu yuko Maryland, yule kafia Uingereza. Maneno hayo yaliandikwa na yapo mpaka leo. Nikiyasoma huwa nawaona wazee wetu barazani, mmoja anasoma ukoo na mwingine anamrekebisha. Kama wazee wetu, walikosea pia, hasa kwa mababu wa mbali. Kwa wazazi na ndugu, waamini. Kwa babu wa kwanza, linganisha na sensa za Akadia, kuanzia ya 1671; humo utamkuta Daniel LeBlanc na mkewe Françoise Gaudet pale Port-Royal, na kwao ndiko wanakotoka akina LeBlanc wa Akadia.

Sasa Bon Papa. Marehemu alisema ni mume, na sitaki kumkosoa mtu aliyelala kaburini kwa jambo alilolipokea kwa mama yake. Lakini angalia mahali neno lilipokaa: ni la mwisho, baada ya Belle-Île, na ukoo wenyewe uliishia Louisiana. Mwaka 1785 Waakadia wapatao 1,600 walitoka Ufaransa kwa meli saba kwenda Louisiana, nchi iliyokuwa chini ya Uhispania wakati huo. Meli ya kwanza kuondoka iliitwa Le Bon Papa. Mimi naamini Marie, au watoto wake, walipanda meli hiyo. Majina ya abiria yaliorodheshwa familia kwa familia, na yamechapishwa. Hilo utalihakiki mwenyewe ndani ya wiki moja.

Huyo uliyemchukua kwenye intaneti, mwondoe kwanza kwenye shajara. Nakuambia kwa uchungu kwa sababu yamenikuta. Tulikuwa na Juma bin Salim wawili Pangani, mmoja wa mjini, mmoja wa Bweni ng'ambo ya mto, na wamekufa mwaka mmoja. Nilimchagua wa Bweni kwa kuwa tarehe zilikaa vizuri. Miaka mitatu tulisoma hitima kwa ajili ya babu wa watu wengine, mpaka shangazi yangu aliponiuliza swali moja: huyo wako mama yake nani? Sikuwa na jibu, na nilipolitafuta nikakuta si wetu.

Muulize kila Marie LeBlanc swali hilo hilo. Jina Marie LeBlanc kwa Waakadia ni kama Mwanaisha binti Ali kwetu. Kitabu cha parokia ya Saint-Charles-des-Mines, yaani Grand-Pré, kinaanzia 1707 hadi 1748, na ubatizo humo unamtaja baba, mama na wasimamizi. Waliofukuzwa walikibeba. Kilizunguka nao mpaka kikafika Louisiana, katika kanisa la St. Gabriel, na leo kimo katika nyaraka za jimbo katoliki la Baton Rouge. Yaani kitabu cha Grand-Pré kiko kwao mume wako. Waandikie.

Usimtafute Marie kwenye orodha ya watu wa Grand-Pré aliyoiacha Winslow, utaumia bure. Ile inataja mkuu wa kaya kwa jina, halafu idadi: wana wa kiume, mabinti, kisha ng'ombe, kondoo, nguruwe, farasi. Msichana ni moja ndani ya tarakimu, hatua chache kabla ya hesabu ya ng'ombe. Ila ukishampata baba yake, rudi pale uione ile tarakimu, umwonyeshe na binti yako.

Jambo jingine litakalokurahisishia: Waakadia huitana kwa baba na babu. Husema Jean à Pierre à Claude, nasi tungesema Jean bin Pierre bin Claude. Na zamani wanawake wao waliandikwa kwa jina la ukoo wa baba hata wakiolewa, kwa hiyo Marie ni LeBlanc mpaka kaburini. Wakioana ndugu, kanisa lilitoa ruhusa na padri akaandika daraja la udugu. Daraja la tatu maana yake bwana na bibi harusi ni vitukuu wa mtu mmoja. La nne, vilembwe. Pale ambapo kitabu kimepotea, mstari huo mmoja umewarudishia watu babu aliyekuwa hajulikani. Usiuruke.

Vinasaba: kwa sasa weka fedha yako. Ukoo huu ulioana wenyewe kwa wenyewe sana, na kipimo kitakuletea mabinamu wengi wanaoonekana wa karibu kuliko walivyo. Na ule urithi unaopita kwa mama peke yake, binti yako kaupata kwako, si kwa Marie.

Anzia chini. Wifi yako yuko hai? Muombe cheti cha ubatizo au cha ndoa cha wazazi wake, kisha cha babu na bibi, hatua kwa hatua, usiruke kizazi hata kimoja mpaka ufike 1785. Ukikutana na jina LeBlanc kwa mwanamke, simama hapo, tafuta mama yake.

Na nitumie picha ya upande wa pili wa karatasi. Pembeni, chini ya Belil, naona alama ya kitu kilichogandamizwa kutoka nyuma, kama tarakimu. Iweke juani asubuhi, jua likiwa la ubavuni, ndipo upige.